Sauti ya Mchana Kwenye Makaburi ya Reli

Mimi si mtu wa kushangazwa. Muulize yeyote hapa Dodoma anayenifahamu tangu nikitembea peku, atakwambia. Nimeona nzige wakitua mpaka matawi yakavunjika. Nimeona ng'ombe wa ukoo mzima wakifa kwa siku tatu. Siku gari moshi la kwanza lilipoingia, wanaume wazima wenye mikuki walitawanyika vichakani, wengine wakapatikana kesho yake. Mimi nilibaki nimesimama kando ya reli na mbuzi wangu kumi na wawili, nikijiuliza mle ndani mna watu wangapi na jioni watakula nini. Nikauza tisa kabla moshi haujaisha angani. Shule nimesoma miezi minne tu, kwa mwalimu wa misheni. Nilitoka najua herufi zote na hesabu ya kujumlisha. Kutoa nilijifunzia sokoni. Leo nina nyumba ya mawe yenye paa la bati, nina bucha, na Wadachi walipokuwa bado wanaitawala nchi hii, bwana mkubwa wa boma alikula nyama yangu, hakula ya mtu mwingine. Nilizoea kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono.

Haya ninayoyaandika yalitokea miaka hiyo ya Mdachi, reli ikiwa imeshatupita na kwenda zake magharibi. Yalitokea makaburini.

Makaburi hayo yako mashariki ya stesheni. Ukitoka ng'ombe wanapofunguliwa zizini, unafika jua likianza kuuma. Tuta la reli lilipokuwa linajengwa, palikuwa na kambi pale, watu mia kadhaa kutoka kila upande: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na sisi Wagogo tuliochukuliwa kwa ajili ya kodi. Ukaingia ugonjwa wa tumbo. Waliokufa wakazikwa chini ya tuta, kwa mistari, kama mtu anayepanda mtama. Sasa sisi kwetu mzee wa kaya hulala zizini. Kila jioni ng'ombe wake wanampitia juu, anasikia kwato, anajua wamerudi wangapi. Watu waliolazwa mbali na ng'ombe yeyote, bila ndugu wa kuwatajia hata jina la babu, tulikuwa hatujawahi kuona. Kwa hiyo mahali pale paliogopwa. Wachungaji walisema saa sita, kivuli cha mtu kikishaingia chini ya nyayo zake, husikika chuma kikigongwa, ngo, ngo, ngo, na sauti ya mtu akigomba. Walisema watu wa reli hawajaambiwa kwamba kazi imekwisha. Hakuna aliyepitisha mifugo pale saa hizo, hata majani yalipokuwa mazuri kuliko kwingine.

Mimi niliwacheka. Lakini sikucheka sana, maana kaka yangu alikuwa mmoja wa wale waliolala pale.

Katika watoto wa mama tulibaki wawili tu, yeye na mimi, kwetu Haneti. Baba alikufa mapema. Watu wa jumbe walipokuja kusema kila kaya itoe mtu mmoja wa reli, mimi ndiye niliyefaa, kijana sina mke wala ng'ombe. Kaka alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, mbele ya wale watu na mbele ya mama, akasema nikipelekwa mimi reli haitafika popote, nitawasimulia mawe hadithi mpaka yalale. "Huyu jembe lake ni mdomo," akawaambia. "Mpelekeni gulioni." Watu wakacheka. Akachukua blanketi na kibuyu chake cha maji, akaenda mwenyewe. Mshahara wa miezi yake miwili ya kwanza alimpa mtu aulete nyumbani. Nikalipa kodi ya tembe letu, na kwa iliyobaki nikanunua mbuzi mmoja, chongo. Ndiye yule mbuzi ninayemtaja kila ninapoeleza watu jinsi nilivyoanza na mbuzi mmoja chongo. Nani alimlipia, sikuwa naeleza.

Habari za kifo chake zilikuja na mtu aliyekuwa anarudi kwao Kondoa. Alisema ameshazikwa, hajui upande gani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa uji, akamshukuru. Kisha akakataa kunyoa. Kwetu mfiwa hunyoa nywele, msiba ukaanza na ukawa na mwisho wake. Yeye alisema hatanyoa mpaka mwanawe arudi. Hakuwa mwendawazimu, alijua amekufa. Alichotaka ni arudi kama wafu wa kwetu wanavyorudishwa, aitwe pale alipolala, aitike, kisha jiwe la kaburi lake liletwe liwekwe zizini kando ya baba. Bila hivyo, alisema, atakuwa anatangatanga kwenye njia ya chuma na watu asiojua lugha yao. Kila jioni alimimina maziwa kwenye kibuyu cha maziwa cha kaka, akakiweka juu ya kigoda cha kaka. Asubuhi akawapa ndama.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nikahamia Dodoma, nikapanda kimaisha. Kila nilipokwenda Haneti nilimkuta mama amekuwa mdogo zaidi na nywele zimekuwa nyingi zaidi, nyeupe, zimesokotana kama manyoya ya kondoo asiyekatwa. Nilimpelekea nguo, sukari, mwavuli. Alishukuru kwa kila kitu. Mwaka mmoja nikamkuta anakohoa, hamalizi hata nusu ya chakula chake. Nilipompa salamu yetu, "mbukwa," hakuijibu mara moja. Akaniuliza, "Umepita kule kwa kaka yako?"

Nikasema kazi zilikuwa nyingi.

"Mimi sitaki kumtangulia zizini," akasema. "Nikifika baba yenu ataniuliza mkubwa yuko wapi, nimjibu nini? Nimwambie yuko relini?"

Basi nikaahidi. Na mimi nikiahidi jambo silifanyi kwa unyonge. Nilinunua kondoo mweusi asiye na doa, nikatengenezewa mitungi miwili ya pombe ya uwele, nikavaa koti langu la khaki lenye vifungo vya shaba, nikaenda alfajiri na wanaume wawili wa kubeba. Makaburi hayakuwa na alama. Vijiti vilivyowekwa mwanzo vililiwa na mchwa. Lakini pembeni, peke yake, palikuwa na rundo kubwa la mawe yaliyopangika vizuri, limefika kiunoni. Sikuhitaji kuuliza. Kwetu mtu wa heshima kaburi lake hupandishwa mawe, na kaka alikuwa mkubwa wa kaya. Nikasema wenzake walimjua alikuwa nani, wakamtendea haki.

Nikajaza pombe mdomoni, nikapuliza mashariki na magharibi. Nikamwagia kondoo maji yenye unga mgongoni. Kwetu mnyama akijitikisa ni kwamba aliye chini amepokea. Nikaanza kusema. Nilimtajia baba, babu na baba wa babu. Nikamwambia mama hajanyoa. Kisha, nitasema kweli, nikamwambia kuhusu nyumba yangu, bati zake ni ngapi, na jinsi bwana mkubwa wa boma anavyonijua kwa sura. Nilitaka ajue. Nilisema mpaka koo likakauka. Kondoo alikuwa anakula majani.

Wiki tatu baadaye nikarudi na dume la ng'ombe. Nilifikiri kondoo amekuwa mdogo kwa mtu kama yeye. Ng'ombe alisimama kimya maji yakimchuruzika, akafukuza nzi kwa mkia. Wale wanaume wangu wawili wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama mkia nao unahesabika. Nikamwambia afunge mdomo.

Jioni ile, nilipokuwa nimekaa barazani kwangu, nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekisema hata moyoni. Sikuwa namtafuta kwa ajili ya mama tu. Dodoma nzima watu walinisalimia kwa kuinama kidogo. Nikisema neno la kipumbavu, lilikubaliwa. Nikisimulia ya gari moshi na mbuzi kumi na wawili, walicheka mahali pale pale walipocheka mara ya mwisho. Hakuna aliyenitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Kaka angeiona ile nyumba, angezunguka nyuma, angepiga bati ngumi moja na kuniuliza mvua ikinyesha namsikiaje mke wangu akinitukana. Nilitamani kuambiwa hivyo kuliko nilivyowahi kutamani mali.

Nikaamua kwenda saa sita, saa ile inayoogopwa. Nilikwenda peke yangu, bila mnyama na bila pombe.

Jua lilikuwa utosini. Reli ilimetameta kama maji. Nikasimama kando ya lile rundo la mawe, sijui niseme nini, maana yote nilikuwa nimeshayasema. Kisha nikasikia. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma juu ya chuma, kinakaribia. Nikatazama kushoto na kulia, hakuna mtu. Mbele yangu makaburi, nyuma yake tuta refu lililonificha upande wa pili. Kugonga kukakoma. Ikaja sauti, nzito, ya mtu aliyezoea kupigiana kelele na upepo.

"Amka, mla maziwa. Jua liko utosini, wenzako wamegonga mawe tangu alfajiri, wewe umelala tu kama chatu aliyemeza mbuzi. Mama yako huko Haneti anajua kwamba alizaa gogo?"

Mimi, niliyesimama mbele ya gari moshi, nilijikuta nimelishika lile rundo kwa mikono miwili. Haneti. Mla maziwa. Ni nani katika wale wafu angemwita hivyo ila aliyekula naye? Nikajua ninasikia wafu wakigombana, na kaka yumo. Nikafungua mdomo nimjibie, na nikasema kwa Kigogo, kwa sauti yangu yote, "Hajalala. Mwacheni, ana nduguye hapa."

Kisha nikasikia kitu kizito kikianguka juu ya kokoto, na mtu akisema "mama yangu" kwa Kinyamwezi, taratibu sana.

Kichwa kikachomoza juu ya tuta, kutoka upande wa pili. Mtu mnene, mwenye mvi kidogo, kofia ya kazi imekaa upande, uso umepauka kama majivu. Alikuwa mkagua njia, mmoja wa wale wanaofuata reli kwa miguu kutwa nzima wakigonga kwa nyundo kusikiliza kama pamelegea. Tulitazamana. Sijui ni nani aliyeogopa zaidi.

"Sema tena," akasema kwa Kiswahili.

"Niseme nini?"

Akakaa chini pale pale juu ya tuta, akafuta macho kwa kiganja. Alisema miaka yote hii amekuwa akipita hapa, na kila akipita anamtukana rafiki yake, na leo kwa mara ya kwanza amejibiwa, na kwa sauti ile ile. "Sauti ni yake," akasema. "Nilidhani amechoka kuvumilia."

Alinieleza. Walilala hema moja, yeye na kaka. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu zamani za misafara, na mtani ndiye anayemzika mtu, ndiye anayecheka msibani ili wenye kulia wapumzike. Kaka alipokufa hapakuwa na ndugu wa kulia. Akachimba yeye, akalia yeye, kisha ikabidi acheke yeye. "Nilikuwa msiba mzima peke yangu," akasema. Kambi ilipohama akaomba kazi ya kukagua njia, kipande hiki hiki. Saa sita hukaa hapa kula muhogo wake na kumgombeza kaka kidogo, asijione amesahauliwa.

Nikamwambia nimekuja mara mbili na sikujibiwa. Nikamwonyesha rundo la mawe nililolitambikia. Akatazama rundo, akanitazama mimi na vifungo vyangu vya shaba.

"Ulimwagia pombe pale?"

"Mitungi miwili. Na ng'ombe."

Alijaribu kujizuia. Akashindwa, akajilaza chali juu ya tuta akicheka. Lile rundo lilikuwa kokoto. Zilibaki ujenzi ulipokwisha, msimamizi Mgiriki akaamuru zipangwe vizuri ili zihesabiwe, hazikuja kuhesabiwa. Nilizitajia kokoto ukoo wangu mpaka baba wa babu.

Kaburi la kaka lilikuwa mstari wa tatu, chini ya kichaka cha miba, dogo kama la wengine. Juu yake pamefunikwa kikombe cha bati kilichotobolewa. Nilipiga magoti. Nikaanza kusema, maneno yakaja mengi, nyumba, mama, nywele, mbuzi chongo. Yule Mnyamwezi akanigusa bega.

"Alisema utakuja na maneno mengi."

Nikanyamaza. Nikamuuliza kama aliacha ujumbe. Akasema aliacha, lakini hautoki bure, na kaka naye hatoki bure.

"Babu yangu," akasema, "alipita hapa na pembe za ndovu za matajiri begani, ana kiu. Mababu zako walikuwa wamekaa kisimani wanatoza hongo, ushuru wa njia. Alitozwa mikono saba ya nguo ya kaniki ndipo akanywa maji. Mikono saba, kwa maji ya mvua ambayo hamkuyanyeshea ninyi. Leo Mgogo anataka kupita kwenda kwao, na njia ni ya Mnyamwezi. Hongo."

Nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa rupia. Nilikuwa nimebeba ishirini. Mtu wa hadhi yangu hakutembea na chini ya hapo. Nikamwambia achukue zote. Hakuzigusa.

"Rupia ni mshahara. Mshahara nilipewa na Mdachi. Nataka hela, zile senti za shaba, mia kwa rupia, moja kwa kila mkono wa nguo. Nikichukua zaidi, nakujua wewe, utakuja kudai chenji."

Sikuwa na hela hata moja. Miaka ilikuwa imepita sijaigusa. Hela zilikuwa za watoto na wanunuzi wa chumvi. Nikamsihi. Akasema hata babu yake alisihi. Akaokota nyundo yake, akaniambia kesho saa hizi, akaenda zake akigonga, ngo, ngo, mpaka sauti ikawa ndogo.

Nilirudi mjini, nikaingia duka la Mhindi kubadilisha rupia moja iwe hela. Aliniuliza mara mbili kama nimekosea. Usiku ule sikumwambia mtu chochote, hata mke wangu, na watu wangu wa bucha waliniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilikwenda bila koti. Alikuwa ameshafika, amekaa kando ya kaburi, muhogo umegawanywa vipande vitatu. Nikamhesabia mkononi. Akazihesabu tena yeye, akazifunga kwenye pindo la nguo. Tukala. Kipande cha tatu akakiweka chini ya kikombe. Sikusema neno, nilikuwa sina. Upepo ulikuwa unapita kwenye miba, na kwa muda mrefu tulisikiliza huo tu.

Ndipo akasema, "Siku ya mwisho alikuwa anaona vizuri, hakuweweseka. Alisema, mdogo wangu akija, mwache kwanza mpaka anyamaze. Akinyamaza mwambie amwambie mama kwamba yule beberu mwekundu hakuliwa na fisi."

Nikaweka mkono mdomoni.

Tulikuwa watoto. Beberu yule mama alimpenda kuliko sisi. Tulimchinja korongoni, mimi na kaka, kwa njaa na kwa utundu, tukamchoma, mimi nikala maini. Tulivunja mkuki wa kichungaji ili ionekane tulipigana na fisi. Mama alitusifu kwa majirani. Jambo lile walilijua watu wawili duniani, na mmoja alikuwa chini ya kikombe kile.

"Kuna lingine?" nikauliza.

"Hakuna. Alicheka, akaomba maji."

Akainua kikombe, akachagua jiwe moja dogo la pale kichwani, akanipa. Kisha akamwambia kaka aende sasa, hongo imelipwa, na asikorome njiani akaamsha vijiji. Alisema hivyo akitazama pembeni. Nilipofika mbali niligeuka. Alikuwa bado amekaa, na nyundo iko chini.

Nilitembea mpaka Haneti nimelishika jiwe mkononi, sikulitia mfukoni. Mama alikuwa juani, ameegemea ukuta wa tembe. Nilimpa jiwe. Nikamwambia ya beberu, moja kwa moja, pamoja na maini.

Aligeuza jiwe kiganjani. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri ni kikohozi. Alikuwa anacheka, machozi yanaingia mdomoni, amelishika jiwe shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Niliwapa mkia wa kondoo kwa ushujaa ule," akasema. "Mkia mzima." Na akacheka tena. Jioni tukaliweka jiwe zizini, ng'ombe wakaingia wakalipita. Kibuyu cha maziwa hakikuwekwa kwenye kigoda. Mama akaniita na wembe, akainamisha kichwa. Nywele ziliposhuka mapajani mwake zilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri, na kichwa chake kilikuwa kidogo, kama cha mtoto.

Nilipokuwa namalizia nyuma ya sikio, akauliza, bila kugeuka, nimetoa nini ili wamwachie kaka arudi.

Sokoni kitu cha rupia mbili nasema nimenunua kwa tano. Nilifikiria yule dume, kondoo, mitungi ya pombe. Lakini hivyo vyote nilizipa kokoto, na kaka alikuwa pale zizini anasikia.

"Hela saba," nikasema.